Nyota tatu kwa programu ya kusahihisha Kiingereza inayochukia maneno madogo

Nimekaa na programu hii muda wa kutosha kuyasema mazuri na mabaya yake. Ofisi ndiyo iliyolipia, kifurushi cha mwaka mzima, kwa kadi ya bosi. Bei yake inakaribiana na jozi ya viatu vya mlima vya mtumba pale soko la Memorial, tena vile ambavyo soli bado nzima. Mimi niko rizavesheni kwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, hapa hapa Moshi, na kutwa naandika Kiingereza: bei, njia, mvua, deni lililobaki, begi lililopotea, nani anampokea nani KIA, uwanja wetu wa ndege, na saa ngapi. Naandika tathmini hii kwa wenzangu ambao Kiingereza ndicho kinachowalisha ila nyumbani hakiongelewi.

Niipe haki yake kwanza. Kwa makosa ya kawaida iko vizuri sana. Ukiandika "informations" inakudaka. Ukisahau ile "s" ya "he climbs" inakudaka. Ukianza barua na "colour" ya Uingereza ukamalizia na "color" ya Marekani, inakuuliza unamwandikia nani hasa. Na vile vi-"a" na "the" ambavyo lugha yetu haina, pale ambapo Kiingereza kinavidai lazima, inavirudisha mahali pake bila kukuzomea. Kijana wetu wa mafunzo kazini, aliyekuja ofisini akiandika kila sentensi kama ujumbe wa simu, sasa barua zake zinasomeka. Hilo siwezi kulipuuza.

Majina ya kwetu haiyajui, lakini hilo nilishalitegemea. Shira, Karanga na Barafu, kambi za mlimani, zote zinapigiwa mstari mwekundu. Moshi iliwahi kutaka kuigeuza Mochi, ambacho nimekuja kujua ni kitafunio cha mchele cha Wajapani. Unaongeza majina kwenye kamusi yake, yanaisha. Intaneti ikikata nayo inakata, basi.

Ugonjwa wake hasa ni mmoja: haipendi maneno madogo. Kila ikikutana na "just", "only", "that", "even", "quite" au "actually", inachora mstari na kukushauri uliondoe ili sentensi iwe safi. Ukibonyeza kile kitufe cha kuandikiwa sentensi upya, haikuulizi hata. Inayafagia yenyewe, au inayahamisha.

Najua ushauri huu umetoka wapi. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, William Strunk, alichapisha kijitabu cha uandishi mwaka 1918, na ndani yake kuna amri ya maneno matatu ambayo imenukuliwa mpaka imechakaa: "Omit needless words." Ondoa maneno yasiyohitajika. Sina ugomvi naye. Ila amri yenyewe ina maneno matatu na la katikati ndilo lenye kazi: "needless", yasiyohitajika. Hakusema ondoa maneno mafupi. Programu inapima urefu na wingi, halafu inadhani imepima uhitaji. Neno ambalo sarufi inakuruhusu kuliacha si lazima liwe neno ambalo maana inakuruhusu kuliacha, na kwenye biashara yangu tofauti hiyo inaingia mpaka kwenye risiti.

Kisa cha begi kitaeleza vizuri zaidi. Mgeni wetu kutoka Kanada alitua KIA Jumatano, begi lake halikutua. Ijumaa akaanza kupanda kwa njia ya Lemosho, siku nane, na nguo na viatu vya kukodi. Mkewe alibaki nyumbani, kila siku barua pepe. Jumanne iliyofuata shirika la ndege likatupigia kwamba begi litafika Alhamisi. Kijana wetu akamwandikia mama yule, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa: "The airline told us that on Thursday the bag would reach Kilimanjaro." Programu ikaona "that" ni mzigo. Yeye akabonyeza kubali yote. Ikaondoka hivi: "The airline told us on Thursday the bag would reach Kilimanjaro."

Isome taratibu. Ya kwanza inasema begi litafika Alhamisi. Ya pili inaweza kusema hivyo, lakini msomaji wa kawaida ataanza kuelewa kwamba tuliambiwa Alhamisi. Na Alhamisi iliyopita ilikuwa siku moja kabla mumewe hajaanza kupanda. Majibu ya mama yule yalikuja usiku, saa zao za mchana, na hayakuwa na salamu: mlijua tangu Alhamisi, mkamwacha mume wangu apande na viatu vya watu? Herufi nne tu zimetoka. Ilibidi bosi mwenyewe apige simu Kanada kumtuliza, na bosi akipiga simu Kanada sote tunaisikia hesabu ya vocha.

Vitabu vya sarufi vitakwambia "that" baada ya "said" au "told" ni ya hiari. Ni kweli, kwa sentensi fupi: "He said he was tired" haina shida yoyote. Lakini pakiwa na siku, saa au mahali katikati ya vitenzi viwili, ile "that" ndiyo ukuta. Inakwambia wakati huu ni wa upande gani. "Told us on Thursday that" ni kitu kimoja, "told us that on Thursday" ni kingine, na ukiibomoa, wakati unaelea. Mtu akiongea, pumzi yake na kituo chake vitakusaidia. Kwenye barua pepe pumzi hakuna.

"Only" ndiyo iliyonifanya nizime kile kitufe cha kuandika upya. Kwenye jedwali letu la bei tuna mstari huu: "Only guests on the eight-day route get a private toilet free of charge." Yaani wageni wa siku nane ndio peke yao wanaopata kile choo cha hema bila kulipia, wengine wanakodi. Programu ikasema sentensi inaanza vibaya, ikaileta hivi: "Guests on the eight-day route only get a private toilet free of charge." Sasa wageni wangu wa siku nane, waliolipa kuliko wote, wanaambulia choo tu! Chakula, mahema, wapagazi, sijui watapata wapi. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka nikikumbuka ule mstari ungeenda kwa mawakala wote wa Ulaya.

Wenye lugha yao wanapoongea huiweka "only" karibu na kitenzi karibu kila mara, na hawapotezani, kwa sababu sauti inapanda kwenye neno linalobanwa. Sisi tuna bahati kidogo hapa. "Tu" inakaa nyuma ya kitu inachokibana, na ukitaka kukaza zaidi unaleta "ndio": wageni wa siku nane tu ndio wanaopata choo. Ni vigumu kuikosea. Ndiyo maana nimewazoeza vijana ofisini, ukiwa na "only" kwenye maandishi, isogeze mpaka ikae mara tu kabla ya neno unalolitaka, hata kama programu inalia. Na inalia kweli.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni "just". Nusu ya kazi yangu ni kupokea ujumbe kutoka mlimani. Mwongoza wageni yuko Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu, mtandao unakuja na kuondoka, na wakati mwingine ujumbe anaouandika kwa Kiingereza tunaupeleka vilevile ulivyo kwa bima au kwa familia. Uje ujumbe huu: "He just vomited." Nini maana yake? Ametapika sasa hivi? Au ametapika tu, hana dalili nyingine? Kiingereza kinakubali zote mbili, na kule juu ni habari mbili tofauti kabisa. Kutapika na kuumwa kichwa ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Ukijua ni sasa hivi, unauliza kichwa kikoje, anatembea sawasawa au anayumba. Ukidhani ni "tu", unaweza kuendelea kunywa chai yako.

Programu ikipewa sentensi hiyo inafanya nini? Inapendekeza "just" iondoke. Inabaki "He vomited". Lini? Mara ngapi? Imeondoa utata kwa kuondoa habari yenyewe. Ningetegemea iniulize: unamaanisha muda au kiasi? Kisha inipe "He vomited a few minutes ago" au "He vomited, but has no other symptoms". Haijawahi. Kwa hiyo tuna makubaliano na waongozaji wetu: kwenye habari za afya hakuna "just", andika saa.

Lakini "just" hiyohiyo, ukiipeleka kwenye barua ya deni, naitetea kwa meno. "I just wanted to remind you about the balance" programu inaiita dhaifu, inataka "Your balance is due". Sasa mimi ni Mchaga, pesa yangu naijua, ila hata mimi sidai kwa mtindo huo. Kwa Kiswahili ungesema naomba tu nikukumbushe, na ile "tu" haipunguzi shilingi hata moja, inapunguza makali. Wageni wa Uingereza hasa wanaielewa lugha hii, wao wenyewe wanaandika "just a quick question" kisha maswali yanajaa ukurasa. Ukiwatumia barua iliyonyolewa wanadhani umekasirika. Wa Marekani hawajali sana. Programu haina mahali pa kuiambia msomaji ni nani, zaidi ya tahajia.

Kuna pale ambapo inakaa kimya wakati ningetaka ipige kelele. Tovuti yetu ina ukurasa wa maswali ya afya, na mstari mmoja unasema: "Few of our climbers need oxygen." Ni wachache mno, ndiyo maana yake, msiogope. Niliwahi kuijaribu makusudi kwa kuongeza herufi moja mbele: "A few of our climbers need oxygen." Hapo maana imegeuka: wapo kadhaa wanaohitaji. Mgeni aliyekuwa na wasiwasi anaufunga ukurasa anaenda kwa jirani. Programu ilizipitisha zote mbili na alama ya kijani, safi, hakuna kosa. Na kweli sarufi haina kosa. Kwa Kiswahili "wachache" ingebeba zote mbili, na tungeongeza "tu" au "mno" kama tunataka kupunguza; kwa hiyo mtu wetu hana kengele inayomlilia kichwani anapoiacha ile "a" au kuiweka. Hapa ndipo programu ya kulipia ingetakiwa ijipatie pesa yake. "Little" na "a little" ni hadithi ileile: "there is little water on the last day" inamtisha mtu, "a little water" inamtuliza.

Mara moja ilinishinda, na ninaisifu. Kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti bosi alitaka tuandike "We do pay our porters a fair wage." Ikapendekeza "do" iondoke, na nilikuwa upande wake kuliko upande wa bosi. Hiyo "do" kwenye sentensi isiyo na swali wala ukanushi ni ya kukaza, na kukaza kunahitaji mtu aliyebisha. Mgeni anayesoma ukurasa wa mbele hajabisha chochote. Anakutana na "we do pay" na anaanza kujiuliza kwani nani amesema hawalipi? Tukaifuta. Kiingereza cha zamani hakikuwa hivi. Wazee wa kanisani kwetu wanaoisoma ile Biblia ya Kiingereza ya 1611 wanaikuta Hawa pale Mwanzo "did eat", na hakuna aliyebisha kwamba amekula. Siku hizi ukiiweka, unajibu mtu.

Sasa kuna siku unajibu mtu kweli. Wageni wengi wanauliza habari za wapagazi kabla ya kulipa, na wana haki, maana wanaobeba ndio wanaopunjwa kwanza. Mgeni akiandika, nimesikia kampuni nyingi haziwalipi, je nyinyi? Jibu ni "We do pay them", na hapo "do" hainunuliki. Programu inashauri kuifuta hapo pia. Haijui kwamba kuna barua nyingine juu ya hii, wala haijali.

"Quite" sina muda nayo. Mwingereza akiambiwa mahema ni "quite comfortable" anaelewa yanafaa kiasi. Mmarekani anaelewa ni ya starehe sana. Programu inasema ifutwe na kwa hili nakubaliana nayo kabisa. Andika unene wa godoro kwa sentimita.

Huduma kwa wateja: niliwaandikia kuhusu "only" nikiwawekea ule mfano wa choo. Walijibu haraka, kwa adabu sana, kwamba mapendekezo yote ni ya hiari na mtumiaji anaweza kuyakataa. Sawa. Lakini kijana wa mafunzo, ambaye ndiye anayeihitaji zaidi, ndiye hasa asiye na ubavu wa kukataa. Akiona mstari kwenye kazi yake anajua amekosea. Kitufe cha kubali yote kimewekwa kikubwa, na cha kueleza kwa nini kimefichwa nyuma ya kidoti. Mimi ningevibadilishana nafasi.

Kama una pesa ya kitu kimoja, usianze na programu hii. Nunua kamusi ya wanafunzi ile ya Oxford iliyoasisiwa na A. S. Hornby. Mwingereza yule alikuwa akifundisha Japani, akaitunga na wenzake kwa ajili ya watu wanaojifunza, si kwa wenye lugha. Ikatoka Tokyo kwanza mwaka 1942, na Oxford ikaichapisha 1948. Tangu hapo imeandikwa upya mara nyingi, na nakala za mitumba zinapatikana bila shida. Fungua "just". Utakuta maana zake zimetenganishwa kwa namba, kila moja na mfano wake: muda mbali, kiasi mbali, kukaza mbali, kulainisha ombi mbali. Hiyo tu. Haikushauri ufute kitu. Inakuonyesha una vifaa vingapi, kisha inakuacha na akili yako. Yangu imefungwa kwa selotepu mgongoni na iko mezani karibu na simu ya mezani, vijana wanaipenda kuliko wanavyokiri.

Kwa aliyekwisha kulipia kama sisi, ushauri ni mfupi. Ingia kwenye mipangilio, zima sehemu ya ufupisho na ile ya mtindo, acha tahajia, sarufi na "a" na "the". Ziba kubali yote ukiweza. Sisi vijana tumewakataza tu. Bei, habari za afya na tarehe zisipite kwenye kile kitufe cha kuandikiwa upya hata siku moja. Barua ndefu ya kumkaribisha mgeni, ipitishe, itakutolea makosa ambayo macho yaliyochoka hayaoni saa kumi na moja jioni.

Nyota tatu, basi. Mbili za tahajia na sarufi, moja ya ile "do" ya bosi. Mwaka huu tumelipia tena, ila tumeshuka kifurushi: kile cha chini kisicho na kuandikiwa upya. Kinafanya karibu kila kitu nilichokisifu hapa, na ni nafuu.